Baba mkwe alilizunguka gari mara mbili

Shikamoo Mzee wa Gereji,

Mimi ni msomaji wako wa Tanga, nina miaka 41, nafanya kazi bandarini. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari na tuna watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha pili. Gari letu ni Corolla ya zamani. Imetuvumilia miaka tisa, lakini siku hizi kila tukipanda Soni mshale wa joto nao unapanda. Tumekubaliana mimi na mwenzangu kwamba sasa tununue gari la juu. Makubaliano yakaishia hapo hapo.

Kuna Range Rover Evoque ya mwaka 2012, nyeupe, dari jeusi, namba D, ya mtu mmoja hapa Raskazone. Anataka milioni 40. Mzee, lile gari ni zuri. Nililiona limeegeshwa chini ya mkungu nikajikuta nimepunguza mwendo, wa nyuma yangu akanipigia honi. Viti ni vya ngozi ya kahawia, dari lote kioo, ukikaa nyuma unayaona mawingu. Nimeliendesha mpaka Pongwe na kurudi. Ukikanyaga mafuta linaruka kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

Mke wangu yeye amechagua Toyota Vanguard ya 2009, rangi ya fedha, iko yadi Dar. Milioni 31. Siwezi kusema ni mbaya. Ni kama kabati: lipo, lina milango, kazi yake linafanya. Asubuhi nikielekea kazini naweza kuhesabu Vanguard na RAV4 tano kabla sijafika getini. Nikimwambia hivyo ananijibu, "Ndiyo maana nalitaka."

Kuhusu pesa, tuna akiba ya milioni 18 na Saccos ya kazini imenipitishia mkopo wa milioni 22, makato shilingi 740,000 kwa mwezi kwa miezi 36. Jumla milioni 40, sawasawa na bei ya Evoque, nikaona kama ni ishara.

Matumizi yetu ni kazini, shuleni, na safari tano au sita kwa mwaka kwenda ukweni Mlalo. Njia yenyewe unaijua, Mombo, Soni, Lushoto mjini, halafu unaendelea juu, na kuna vipande ambavyo mvua ikinyesha unashuka wewe kwanza kuvitazama. Kila baada ya miezi miwili huwa tunamleta mama mkwe kliniki Bombo, kwa sababu ya sukari na magoti.

Na hili niliseme tu, maana wewe si mtu wa kufichwa. Idi iliyopita mwanyumba wangu, aliyemuoa mdogo wa mke wangu, alifika Mlalo na Harrier, ile wanayoiita Anaconda. Baba mkwe alilizunguka gari mara mbili, akagusa boneti kwa kiganja, akasema, "Hili ndilo gari." Corolla yangu ilikuwa kando, ina madumu ya maji nyuma kwa ajili ya rejeta. Hakuna aliyenicheka. Lakini tangu siku ile nikiiangalia naiona imenyauka.

Nimeuliza mafundi wawili hapa Tanga. Mmoja kasema Evoque ni chuma, mwingine kasema nikilinunua nisimpelekee. Marafiki wananiambia, "Utazikwa na akiba?" Mke wangu hagombi, kanyamaza tu, na ukimya wake unanisumbua kuliko kelele. Naomba unijibu bila kunionea haya: hivi uzuri wa gari hauna thamani yoyote?

Wako,
Dereva wa Corolla, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Evoque umeiandikia kama kijana anayeandikia mchumba. Vanguard umeiita kabati. Mama mkwe, ambaye ndiye abiria wa sita katika nyumba yenye gari la watu watano, umempa sentensi moja. Nitamrudia huyo mama, maana nadhani ndiye mwenye jibu lako.

Nianze na swali uliloniuliza. Uzuri una thamani. Mimi si katika wale wazee wanaosema gari ni magurudumu manne na usukani. Wengi wao ukiwafuma Jumapili wanasugua rimu kwa mswaki. Na nimeona jambo moja katika miaka ya kushika spana: mtu anayelipenda gari lake husikia mlio mpya siku ile ile unapoanza. Asiyelipenda, taa ya injini inawaka mwaka mzima na yeye kaifunika kwa kipande cha plasta. Kwa hiyo usione haya kwamba umepunguza mwendo chini ya mkungu. Ila jiulize uzuri huo utaulipia mara ngapi, kwa sababu milioni 40 ni malipo ya kwanza tu.

Evoque niitendee haki, maana inasingiziwa. Ilianza kuuzwa mwaka 2011, na umbo lake halikutofautiana sana na lile gari la maonyesho, LRX, lililooneshwa 2008. Hilo ni jambo adimu. Viwanda vingi huonyesha malaika, halafu huuza binamu yake. Wanaosema ni gari la kuendea saluni hawajalitazama chini: kutoka ardhini mpaka tumboni kuna kama milimita 212, na kiwanda kinasema linavuka maji ya nusu mita. Evoque iliyo nzima itapanda Mlalo, tena huenda ikapanda vizuri kuliko Vanguard. Nani ataitengeneza siku ikigoma huko juu, na kwa siku ngapi, hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi.

Kama ni ya petroli, na hapa nyingi ni za petroli, ina injini ya lita 2.0 yenye tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), inayotoa nguvu za farasi 240. Vanguard ya lita 2.4, isiyo na tabo, inatoa kama 170. Hiyo tofauti ndiyo uliyoisikia pale Pongwe, na ni tamu, sikatai. Lakini nguvu nyingi ndani ya chungu kidogo maana yake ni joto na mgandamizo mkubwa, na vyote viwili hushikiliwa na mipira, mabomba ya plastiki, pampu na sensa ambazo sasa zina zaidi ya miaka kumi. Plastiki haijali kama gari limetunzwa. Inakaukia humo humo ndani. Hata ukinunua gari la padri, bomba la plastiki lina umri wake.

Sasa fikiri kama mfanyabiashara. Evoque ilipokuwa mpya bei yake ilikuwa juu mno ya Vanguard. Leo, hapo Raskazone, tofauti ni milioni tisa. Nyingine zimekwenda wapi? Wengi wakiona hivyo husema wamepata bahati. Mimi naona soko limeshapiga hesabu ya matengenezo yaliyo mbele na kuyakata kwenye bei. Kule Japani, yanakotoka magari mengi ya mtumba hapa kwetu, gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, ukaguzi wanaouita shaken, na gharama zake hufanya watu wengi waone afadhali kuuza. Mwenye gari la Ulaya la bei kubwa ndiye wa kwanza kulitoa. Alikuwa na dhamana ya kiwanda, alilifaidi miaka yake mizuri, kaondoka. Wewe utakuwa mtu wa tatu au wa nne, na dhamana yako ni yule fundi aliyekwambia usimpelekee. Huyo, kwa njia, ndiye fundi wako. Mshikilie. Fundi anayekataa kazi asiyoiweza ni hazina.

Hebu nikueleze yaliyonikuta, gari nitaliacha bila jina. Zamani kidogo nilinunua gari zuri la Ulaya, lile la kushuka na kupanda lenyewe kwa upepo. Asubuhi ya mwezi wa nne nikalikuta limelala chini kama ngamia. Kilichoharibika kilikuwa kidude kidogo, kinaenea kiganjani. Kukipata kulichukua wiki kumi na moja: kwanza kilikuja kisicho chenyewe, kisha kikaja chenyewe lakini mashine ya kulifundisha gari kukitambua ikawa kwa mtu mmoja tu mjini, naye kasafiri. Wiki zote hizo mimi na vyeo vyangu vya gereji nilipanda daladala, huku makato ya mkopo yakikatwa kwa wakati, hayakuchelewa hata siku moja. Jirani yangu alivumilia mwezi wa kwanza. Wa pili akaanza kuanika mihogo juu ya boneti. Sikumkataza. Ilikuwa sehemu safi, yenye jua, na haiendi popote.

Na mimi nilikuwa Dar. Wewe uko Tanga, kilomita kama 350 kutoka kwenye wale mafundi wachache wanaoliishi hilo gari kila siku. Mashine za kupimia zilizo kwenye gereji za kawaida zitasoma baadhi ya makosa yake na kunyamaza kwa mengine. Kwa hiyo kila taa ya dashibodi itakuwa na swali la ziada: tuliendeshe hivi hivi mpaka Dar, au tukodi la kulivuta? Mafuta sitayajadili, magari yote mawili yanakunywa karibu sawa, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA ikitangaza bei mpya inawakumbusha wote bila ubaguzi. Matairi je? Evoque nyingi zimevaa rimu za inchi 19 au 20, mpira wake mwembamba ubavuni. Rimu hizo ndizo nusu ya uzuri uliokupunguzisha mwendo. Kwenye jiwe kali la barabara ya mlimani ubavu mwembamba unapasuka, na siku hiyo utagundua kwamba tairi la saizi ile si la kununua duka lolote la Korogwe. Vanguard ya kawaida huvaa inchi 17, ubavu mnene, saizi moja na RAV4.

Sasa mkeo asije akaikata safu hii akaibandika kwenye friji. Vanguard nayo si malaika.

Nchi hii tuna ugonjwa wa kuamini kwamba nembo ya Toyota inatibu kila kitu. Vanguard ni RAV4 iliyorefushwa, ilitengenezwa kwa soko la Japani kuanzia 2007 mpaka 2013, na injini yake ya lita 2.4 inaitwa 2AZ-FE. Ni injini ninayoiheshimu, na spea zake utazipata pale Gerezani, Dar, ukiwa umefumba macho. Lakini ina aibu yake: baadhi zinakula oili. Ringi za pistoni za kukwangua oili huziba kwa masizi, oili inapita na kuungua pamoja na petroli. Si uzushi wa mafundi. Huko Marekani Toyota wenyewe walilazimika kurefusha dhamana kwa baadhi ya Camry na RAV4 zenye injini hiyo kwa ajili ya tatizo hili hili. Mwenye gari hajui kitu, hachungulii kijiti cha oili, anasubiri tarehe ya sevisi, na siku moja injini inagonga. Hapo utasikia "Toyota za siku hizi". Gari lilikuwa linaomba oili, hakuna aliyelisikiliza.

La pili ni giaboksi. Vanguard ya 2.4 ina CVT, ile isiyo na gia za kuhesabika. Ikiwekewa oili yake halisi na kubadilishwa kwa wakati inakaa. Ikimwagiwa oili yoyote nyekundu na fundi wa barabarani aliyesema "zote ni sawa", inaanza kuteleza na kupiga mluzi, hasa kwenye mlima mrefu ikiwa na mzigo. Wewe una mlima mrefu. Una na mzigo, maana sijaona mtu anayeshuka Lushoto bila gunia la karoti na kabichi za kugawia majirani.

Kwa hiyo ukiniwekea Evoque iliyotunzwa, yenye karatasi za sevisi tangu iingie nchini, kando ya Vanguard iliyochoka iliyopakwa rangi juzi yadi, sitakimbilia Vanguard kwa sababu ya nembo. Tofauti ni kwamba Vanguard iliyochoka utaitengeneza hapo hapo Tanga, kwa spea iliyopo, kwa fundi aliyepo, kwa bei utakayobishana nayo. Evoque haibishani.

Najua kuna swali umelificha: na Harrier je? Si Anaconda ya mwanyumba wako, ni ile ya toleo la pili, wanayoiita tako la nyani, iliyotoka 2003. Ina sura, ina heshima ya kijijini, na ile ya lita 2.4 inatumia injini hiyo hiyo ya 2AZ-FE, tena na giaboksi ya kawaida ya gia nne, siyo CVT. Kwa maneno mengine ni ndugu wa Vanguard aliyevaa suti. (Ukilitafuta, ukae mbali na lililoandikwa AIRS, lina shokapu za upepo, na yangu nimeshakusimulia. Na za miaka ya mwanzo ziangaliwe kama zinavuja maji upande wa nyuma wa silinda hedi, pale nyuzi za bolti zilikuwa zinaachia.) Ningekuwa naandikia mtu mwenye watu watano ningemaliza safu hii hapa: kanunue Harrier, uzuri na spea vimekutana.

Lakini wewe una mama mkwe.

Hesabu mwenyewe. Wewe, mwalimu, watoto watatu, ni watano. Kila baada ya miezi miwili anaingia mama mwenye sukari na magoti mabaya. Harrier ina viti vitano. Evoque ina viti vitano, na mlango wake wa nyuma ni mfinyu juu, dari limeshuka kuelekea nyuma kwa ajili ya ule ule mstari uliokuvutia, mtu mzima lazima ainamishe shingo na kukunja goti. Mawingu atayaona, ni kweli, lakini lile dari la kioo halifunguki, na mimi sijui mama wa miaka ile anayetaka jua la Muheza la saa saba limtazame utosini. Siku za kliniki mmoja wa watoto huwa anabaki, au anapakatwa njia nzima kutoka Mlalo mpaka Bombo. Kidato cha pili hapakatiki. Vanguard zipo za viti vitano na zipo za viti saba. Safu ya tatu ni ndogo, ni ya watoto, lakini watoto unao. Nadhani mkeo alishapiga hesabu hii zamani, na ndiyo maana kanyamaza: anangoja uone mwenyewe kwamba anayekosa kiti ni mama yake.

Sasa baba mkwe. Mwanangu, mzee yule alilizunguka gari la mwanyumba wako mara mbili. Wazee wote hulizunguka gari jipya mara mbili, mimi mwenyewe ninalizunguka, ni adabu kwa mgeni. Hukuniandikia kama aliwahi kukuambia lolote baya kuhusu Corolla. Umeandika tu kwamba hakuna aliyekucheka. Na kila baada ya miezi miwili anayempeleka mkewe hospitali ni wewe, na Corolla hiyo hiyo yenye madumu. Sitasema zaidi, hayo ni ya ukoo wenu. Nakwambia tu kwamba katika barua yako yote sikuona mahali mwanyumba amempeleka mtu kliniki.

Ukitaka uzuri kidogo ndani ya kabati, upo. Kuna Vanguard 240S yenye kifurushi cha S, ina matao mapana juu ya magurudumu na rimu za inchi 18, ukiiweka pembeni ya ile ya kawaida utadhani imekula vizuri zaidi. Taa zilizofifia husafishwa kwa pesa ndogo zikarudi kama macho ya mtoto. Viti huvalishwa ngozi ya kahawia hapo hapo Tanga na mafundi wa kochi wanaojua kazi. Chagua rangi unayoipenda kweli. Rangi ya fedha hukulazimishwa na mtu. Ukitumia milioni moja na nusu kwa mpangilio utapata gari la kuangalia nyuma mara moja kabla hujaingia ofisini. Mara mbili labda si rahisi.

Pesa zako zimenitisha kidogo. Mkopo kulingana na bei siyo ishara, ni mtego uliokaa vizuri. Evoque ikimeza milioni 40 zote, siku ya kwanza huna hata ya bima kubwa, na gari la bei hiyo bila bima kubwa ni kulala mlango wazi. Fanya hivi: kwa Vanguard ya milioni 31, toa akiba yako 18, kakope 16 badala ya 22. Inabaki milioni tatu ya bima, oili zote, mkanda, plagi, betri, na matairi mawili kama yapo hoi. Makato yako yatashuka karibu laki mbili kwa mwezi. Kwa miezi 36 ni zaidi ya milioni saba, ambazo hata mke wako hajaziweka kwenye hoja yake.

Kuna atakayekushauri uagize mwenyewe Japani. Kwa Vanguard mimi nisingehangaika. Utengenezaji uliisha 2013, kwa hiyo zote zina zaidi ya miaka kumi, na TRA huongeza ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 kwa gari dogo la umri huo, juu ya ushuru mwingine. Cha kuchekesha, ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini ungeipendelea Evoque: injini ya zaidi ya cc 1000 isiyozidi 2000 hulipa asilimia 5, Vanguard ya 2.4 hulipa 10. Serikali haikufikiria magoti ya mama mkwe.

Haya, unakwenda Dar kuliangalia. Usiende peke yako, nenda na yule fundi aliyekataa Evoque, mlipie nauli na siku yake. Linganisha namba ya chesisi na kadi kabla ya jambo lolote, na uangalie madeni ya trafiki kwa namba ya gari. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando mweusi mzito kama lami, umejua jinsi walivyokuwa wanabadilisha. Chomoa kijiti, soma kiwango, piga picha. Mwombe muuzaji mzunguke nalo saa nzima, foleni na barabara ya wazi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Mkiwa kwenye mwendo, achia mafuta kwenye mteremko halafu ukanyage tena, huku fundi anatazama nyuma. Wingu la buluu likitoka, hiyo ni oili inaungua, mmemaliza, kanyweni chai. Tafuta kilima, simama katikati, ondoka polepole. CVT nzima inaondoka kama mtu anayenyanyuka kwenye mkeka. Mbovu inashtuka kwanza, injini inalia, gari linafuata baadaye. Mkirudi chomoeni tena kile kijiti. Saa moja haitoshi kuonyesha oili inayoliwa, kwa hiyo mwulize muuzaji mara ya mwisho aliongeza lini. Asipokupa jibu la kueleweka, endelea kuuliza.

Muhimu kuliko yote ni saa ya kufika. Mpigie kwamba unakuja saa nne, halafu uwe getini saa moja asubuhi. Kabla hujamsalimu mtu weka kiganja juu ya boneti, kama alivyofanya baba mkwe. Ukiikuta ina joto saa hiyo, wamekwisha kuliwasha kabla yako ili usisikie linavyoamka, na hapo geuka, panda basi la Tanga.

Msalimie mwalimu.

Mzee wa Gereji